Ndege Wale Wale, Mwaka Hadi Mwaka

(Hotuba iliyotolewa Nyegezi, Mwanza, mbele ya walimu, wanafunzi na wavuvi. Imeandikwa karibu kama ilivyosemwa, pamoja na baadhi ya maswali yaliyofuata.)

Mwenyekiti, walimu wenzangu, viongozi wa BMU, vikundi vyetu vya kusimamia uvuvi ufukweni, mliotoka Igombe, Kayenze na Luchelele, wazee wangu, na ninyi vijana mliojaa huko nyuma: mwangaluka.

Nimeombwa niseme juu ya ikolojia na mageuko ya ndege pori, yaani jinsi wanavyoishi na mazingira yao na jinsi wanavyobadilika kizazi hadi kizazi. Wengine mmekuja mkitegemea picha za flamingo. Sina picha hata moja, na umeme wenyewe mnauona. Nina jambo moja tu. Yako maswali juu ya ndege ambayo hayajibiwi kwa akili nyingi wala kwa mashine za bei kubwa. Yanajibiwa na watu wanaopokezana kuwatazama ndege wale wale, mahali pale pale, miaka nenda miaka rudi, wakiandika kwa utaratibu ule ule. Ziwa letu hili la Victoria limejaa maswali ya namna hiyo. Walio tayari kukaa nayo ndio wachache.

Nianze na ndege ambaye hakuna mtu humu asiyemjua: mdiria, yule mweusi kwa mweupe anayesimama hewani juu ya maji, mabawa yakipiga kwa kasi na kichwa kimetulia tuli, halafu anajitupa mdomo mbele. Wavuvi mnamwona kila siku. Lakini ni wangapi wamewahi kutazama kifua chake? Dume ana mistari miwili myeusi. Jike ana mmoja, na mara nyingi umekatika katikati. Ukishalijua hilo huwezi tena kumtazama mdiria kijuujuu, maana unaanza kuuliza: huyu ni baba au mama? Na yule dume wa pili anayeingiza samaki kwenye shimo lile lile, yeye ni nani?

Swali hilo lilimshika mtafiti mmoja, Heinz-Ulrich Reyer. Kuanzia miaka ya 1970 aliwafuatilia midiria sehemu mbili nchini Kenya: kwenye Ziwa Naivasha, na kwenye ufukwe wa ziwa letu hili, upande wao. Aliwavisha pete za rangi miguuni, kila ndege na mpangilio wake, ili kwa darubini aweze kusema huyu ni fulani na yule ni fulani. Akagundua kwamba familia ya mdiria ni pana kuliko baba, mama na makinda.

Kuna wasaidizi wa aina mbili, wote madume. Wa kwanza ni watoto wa kiume wa wazazi hao hao, waliozaliwa msimu uliopita. Hawaoi. Wanabaki nyumbani, wanaleta samaki kwa bidii, wanalinda shimo, wanawalea wadogo zao. Sisi Wasukuma na Wakerewe hatuna haja ya kueleweshwa zaidi hapo. Wa pili ni madume wageni, wasio na damu yoyote na familia hiyo. Midiria majike ni wachache kuliko madume, kwa hiyo kila mwaka wapo madume wanaokosa wenzi. Hawa hujisogeza makinda yakishaanguliwa. Wanaleta samaki pia, ila kwa kipimo. Hawajitoi kama wale wa kwanza.

Sasa mgeni anafaidika nini? Ukikaa msimu mmoja ufukweni utaandika kwamba ndege huyu ana huruma. Ukirudi msimu wa pili, ukazisoma pete, utamkuta mara nyingi yule msaidizi wa mwaka jana ndiye mume wa mwaka huu, kwa jike yule yule. Alikuwa anachumbia kwa samaki. Na yule kijana wa kwanza, aliyejichosha kuwalisha wadogo zake? Faida yake inapita kwao: kila mdogo wake anayeruka salama amebeba sehemu ya urithi ule ule alioubeba yeye. Hesabu zote mbili zinakubali, lakini huwezi kuifunga hata moja bila kumjua ndege mmoja mmoja kwa zaidi ya mwaka.

Linalonifurahisha zaidi kama mtu wa ziwa hili ni tofauti ya maji hayo mawili. Naivasha, baba mwenye shimo alikuwa akiwafukuza wageni, na wakaishia kufukuzwa. Huku kwetu aliwafukuza mwanzoni, kisha akawakubali. Kwa nini? Kwa sababu kuvua huku ni kugumu. Mawimbi ni makubwa, samaki ni wadogo, na safari kutoka shimoni hadi kwenye samaki ni ndefu. Jozi isiyo na msaidizi kwenye ziwa letu iliwapoteza makinda wengi kwa njaa. Ikipata msaidizi mmoja, makinda waliofanikiwa kuruka waliongezeka karibu mara mbili. Reyer hakuishia kukisia. Alikwenda Naivasha akaongeza makinda kwenye baadhi ya mashimo, wazazi wakaelemewa, na wale waliokuwa wakiwafukuza wageni wakaanza kuwapokea. Kumbe tabia ya kumkubali mgeni haikuwa ya “midiria wa Naivasha” au “midiria wa Victoria”. Ilikuwa jibu la ndege yeyote wa aina hii kwa ugumu wa maisha uliopo mbele yake.

(Hapo mzee mmoja wa Kayenze alisema kwa sauti, “Kama binadamu tu,” watu wakacheka.)

Ni kweli mzee wangu, ila tusiharakishe kuwafananisha. Tuendelee.

Ndege huyu huyu ana habari nyingine, nayo ni ya hapa hapa, Ghuba ya Mwanza. Mnajua sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na kwamba kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa. Wazee mnakumbuka furu, wale samaki wadogo, walivyokuwa. Aina zake zilikuwa mamia, nyingi hazipatikani popote duniani isipokuwa humu, kisha zikatoweka kwa wingi. Kwa bahati, tangu 1977 kulikuwa na timu ya watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, ikifanya kazi katika ghuba hii, na Frans Witte ndiye anayekumbukwa zaidi kati yao. Walikuja kwa ajili ya furu. Hakuna aliyewaambia kwamba karibu wataona moja ya maangamizi makubwa ya samaki katika karne ile. Walikuwepo tu, na madaftari yao yalikuwa wazi.

Wawili wa timu hiyo, Jan Wanink na Kees Goudswaard, waliwatazama pia ndege wala samaki. Mdiria hameng’enyi mifupa. Anaitapika ikiwa imefungamana kuwa vidonge vidogo vya mifupa na magamba, na vidonge hivyo huanguka chini ya mahali anapolala. Ukiviokota ukavifungua, unasoma alichokula. Zamani vilionyesha furu. Sangara alipowamaliza furu, vikaonyesha dagaa. Mpaka hapo mtu atasema basi, ndege amebadilisha mboga, hakuna shida. Lakini dagaa nao walikuwa wamebadilika. Walikuwa wamekuwa wadogo kuliko zamani. Samaki mwepesi maana yake ni safari nyingi zaidi kwa tumbo lile lile. Hebu rudini kwenye shimo la Reyer, kwenye baba aliyeelemewa, muulize mabadiliko ya samaki chini ya maji yanaweza kufanya nini kwa familia ya ndege iliyo juu ya maji. Ndiyo maana nasema kazi mbili za muda mrefu, za watu tofauti, zikikutana hutoa swali ambalo hakuna kati yao angeliuliza peke yake.

Sasa niwatoe ziwani niwapeleke mbali, kwenye kisiwa kidogo kinachoitwa Daphne Major, katika visiwa vya Galápagos vilivyo chini ya Ekuador. Kisiwa chenyewe hakifiki hata nusu ya kilomita ya mraba: mawe, vichaka na mpungate. Mwaka 1973 mume na mke, Peter na Rosemary Grant, walianza kuwapima chiriku, ndege wadogo wala mbegu, wa kisiwa hicho. Walimvisha kila ndege pete, wakampima mdomo kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, wakaandika nani kamzaa nani. Wakarudi mwaka uliofuata, na uliofuata, kwa takriban miaka arobaini.

Mwaka 1977 mvua haikunyesha. Mbegu ndogo laini ziliisha kwanza, zikabaki kubwa ngumu, na iliyo ngumu kuliko zote ilikuwa ya mbigili. Ndiyo, mbigili, jamii ile ile inayotuchoma miguu hapa Mwanza kwenye viwanja vya mpira. Chiriku mwenye mdomo mnene aliweza kuipasua. Mwenye mdomo mwembamba alihangaika nayo akaiacha. Walikufa zaidi ya wanne kati ya kila watano. Waliobaki walikuwa na midomo minene kuliko wastani wa awali, kwa tofauti ya karibu nusu milimita. Watoto wao waliozaliwa mvua ziliporudi walirithi midomo hiyo. Huo ndio uteuzi wa asili, na watu walikuwa wameupima porini kwa ndege wanaojulikana mmoja mmoja, ndani ya muda mfupi kuliko ule mwanafunzi anaoutumia kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne.

Tuseme fedha zao zingeisha 1978, kama ambavyo fedha za miradi huisha. Wangerudi nyumbani na ripoti nzuri: midomo ya chiriku inazidi kuwa minene. Hakuna ambaye angewapinga. Lakini walibaki. Mwaka 1983 ikaja mvua kubwa ya El Niño, mimea midogo ikafunika kisiwa, mbegu ndogo zikajaa tele, na miaka iliyofuata wenye midomo myembamba ndio waliofanikiwa. Mwelekeo ukageuka. Kisha mwaka 2004 na 2005 ukaja ukame mwingine, na kila mtu aliyesoma habari za 1977 angetabiri minene tena. Ikawa kinyume. Wenye midomo minene ndio waliokufa. Kwa nini? Kwa sababu tangu 1982 aina nyingine ya chiriku, wakubwa zaidi, ilikuwa imehamia kisiwani na kuzaliana pole pole. Hao wakubwa ndio waliozimaliza mbigili. Chiriku wetu mwenye mdomo mnene akakuta meza imekwisha kukaliwa. Aliyeokoka ni mwenye mdomo mdogo aliyeweza kula mbegu ambazo wakubwa hawazijali. Ukame ule ule, kisiwa kile kile, ndege wale wale, jibu tofauti. Mageuko yanarudi nyuma, yanapinda kona, yanategemea nani mwingine amekaa pembeni. Haya yote tunayajua kwa sababu kulikuwa na mtu wa kurudi na kalipa.

Mifano mingine nitaipitia haraka, ili mjue wale wawili hawakuwa wa ajabu. Katika msitu wa Wytham, karibu na Oxford, Uingereza, ndege wadogo wanaotaga kwenye visanduku vya mbao wamefuatiliwa tangu 1947, kazi iliyoanzishwa na David Lack. Daftari hilo linaonyesha kwamba siku hizi wanataga kama wiki mbili mapema kuliko walivyokuwa wakitaga katikati ya karne iliyopita, kwa sababu viwavi wanaowalisha makinda nao wanatoka mapema. Shelisheli, kwenye kisiwa cha Cousin, kulikuwa na kindege ambaye mwaka 1968 walibaki chini ya thelathini duniani kote. Leo anaishi kwenye visiwa kadhaa, na familia zake zimefuatiliwa kwa miongo. Naye pia ana watoto wanaobaki nyumbani kusaidia, lakini walipohamishiwa kisiwa kipya chenye nafasi tele, vijana waliacha kusaidia wakaenda kuanzisha zao. Na huko Midway, katikati ya Bahari ya Pasifiki, albatrosi mmoja jike alivishwa pete na Chandler Robbins mwaka 1956. Robbins mwenyewe alimshika tena mwaka 2002, akasoma namba, akafuatilia kumbukumbu nyuma hadi akakuta mwandiko wake. Robbins alifariki 2017. Yule albatrosi alitaga tena mwishoni mwa 2024.

Na kwetu? Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na tunayo kazi ya muda mrefu ya kujivunia katika milima ya Usambara. Tangu 1987 William Newmark na wenzake Watanzania wamekuwa wakitega nyavu nyembamba kwenye vipande vya msitu, vikubwa kwa vidogo, wanawavisha ndege pete, wanawaachia. Vipande vidogo vinawapoteza ndege wa chini ya miti, na hasara haikuja yote siku msitu ulipokatwa. Inaendelea kudondoka miongo baadaye. Ukipita Amani, huko huko Usambara, mwaka mmoja ukasikia ndege wanaimba utasema wapo, wako salama. Daftari linasema subiri.

Hapa niseme jambo ambalo huenda halitawapendeza wote. Kwenye hizi tafiti, jina linalobaki ni la profesa. Lakini nani anajua kwamba wavu wa tatu unapata jua la asubuhi na ndege watauona? Nani alikuwepo miaka profesa alipokuwa akifundisha kwao? Ni kijana wa kijijini, sasa ni mzee, ambaye amewashika ndege wengi kuliko mtu yeyote mwenye shahada. Utafiti wa muda mrefu hausimami kwa msomi anayekuja Julai na kuondoka Agosti. Unasimama kwa anayekaa. Kwa hiyo mnaposikia mradi wowote wa miaka mingi umeanza kwenye mwalo wenu, pale mnaposhushia samaki, ulizeni mapema nani atashika daftari, nani atakuwa na nakala yake, na jina la nani litaandikwa.

Maana kazi hizi zinakufa, na zinakufa kwa sababu ndogo sana. Mwanafunzi anamaliza shahada, anapata ajira Dodoma, simu yenye takwimu inaibiwa stendi. Daftari linawekwa stoo, panya wanalimaliza. Mkuu mpya anakuja na kusema tuhesabu kwa njia ya kisasa, na tangu siku hiyo namba za zamani na mpya haziwezi kulinganishwa, sawasawa na kupima shamba kwa hatua za baba halafu kwa hatua za mtoto. Mtu akitaka kubadilisha njia, njia zote mbili zifanyike pamoja kwa msimu mzima kwanza. Mhesabuji mpya naye atembee na wa zamani kabla ya kuachiwa, kwa sababu macho ya watu hayalingani.

Na kosa kubwa kuliko yote, ambalo hata wasomi wanalifanya: kutoandika sifuri. Mtu ametoka alfajiri, amekaa saa mbili, hakuona mdiria hata mmoja. Anarudi, hakuandika kitu, anasema leo hakukuwa na kitu. Mwaka ujao ukisoma daftari utaona siku zenye ndege tu, utadhani ndege ni wengi. Sifuri ni habari. Sangara alipokuwa akijaa, habari kubwa zaidi ndani ya ghuba ilikuwa ni sifuri, moja baada ya nyingine, kwenye mistari ambako zamani kulikuwa na majina ya furu.

Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi likapita kiwango cha mwaka 1964, ambacho ndicho kilikuwa kikubwa kuliko vyote vilivyopimwa. Mnakumbuka maji yalivyoingia kwenye nyumba na kwenye vibanda vya mialoni. Midiria wanachimba mashimo yao kwenye kingo za udongo, mita moja au zaidi kwenda ndani. Ukiniuliza kingo ngapi za Luchelele zilizama mwaka ule, wenye mashimo walihamia wapi, kama walikwenda kwenye mashimo ya wachimba mchanga na wafyatua matofali, sina daftari la kufungua. Maji yatapanda tena siku moja. Ziwa hili lina tabia hiyo.

Hilo ndilo ombi langu. Nataka tuanze daftari la mdiria la upande wetu huu wa ghuba.

Hatutamshika ndege. Kumshika ndege pori bila kibali ni kosa kisheria, na kumvisha pete kunahitaji mafunzo. Hilo litakuja kwa utaratibu wake, kupitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kama mambo yatakwenda vizuri. Kwa sasa tutatembea. Njia moja, isiyobadilika, kutoka mwalo wa Luchelele kuelekea Malimbe. Tutahesabu madume na majike, na mnajua tayari jinsi ya kuwatofautisha. Tutahesabu mashimo yenye dalili ya kutumika. Tutaandika upepo, hali ya maji, na kama ni siku za giza au za mbalamwezi, kwa sababu wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani kwenye giza na mimi nataka kujua kama siku hizo zinambadilishia mdiria chochote. Na kila tukiona vidonge chini ya kituo tutaviokota kwa karatasi, tukiwa na glavu, tuviweke kwenye bahasha yenye tarehe. Furukombe, wale tai wala samaki, tutawaandika pia, kwa sauti. Jozi yao inang’ang’ania eneo lake mwaka mzima, kwa hiyo wanahesabika kirahisi kuliko wengine.

Nimemaliza upande wangu. Maswali.

Mzee mmoja wa BMU aliuliza: “Mwanangu, minandi, wale ndege weusi wanaopiga mbizi, wanakula samaki wetu, wananaswa kwenye nyavu wanazichana. Wewe unataka tuwahesabu. Kwa nini usitufundishe kuwapunguza?”

Shikamoo mzee wangu. Swali ni la haki, na sitakujibu kwa kukuambia uwapende ndege. Minandi anakula samaki gani hapa, wa ukubwa gani, wangapi kwa siku? Mimi siwezi kukujibu, na aliyekuambia anaweza, muulize alipima wapi. Inawezekana anakula samaki ambaye wewe humtaki. Inawezekana una haki kabisa. Naye minandi anatapika vidonge kama mdiria, kwa hiyo jibu liko chini ya mti anapolala, tena halihitaji boti. Na kuna upande mwingine wa jambo. Ndege hawa wanavua kila siku, mwaka mzima, hawana nyavu haramu na hawaogopi doria. Furu walipotoweka, tumbo la mdiria lilionyesha. Dagaa wakianza kupungua au kudumaa tena, huenda wewe na mimi tukakuta dalili kwenye bahasha zetu. Kwa mvuvi hilo si jambo dogo.

Mwanafunzi mmoja wa kike: “Mwalimu, ukisema mageuko, je, hilo halipingani na imani?”

Binti yangu, nami naenda kanisani. Mdomo wa chiriku wa Daphne ulipimwa kwa kalipa kabla ya ukame na baada ya ukame, na mtu yeyote mwenye kalipa angepata namba zile zile. Hayo ndiyo ninayoyasema mimi. Mengine kaa na padri wako, na mkimaliza mniite nami nije nisikilize.

Mwalimu mmoja wa sekondari aliuliza fedha zitatoka wapi.

Kwa mwaka wa kwanza hatuhitaji nyingi, mwalimu, na nisingependa tuanze na nyingi. Mradi ulioanza na gari hufa siku gari linapoharibika. Tunahitaji madaftari yenye jalada gumu, bahasha, glavu, na penseli. Nasema penseli kwa makusudi: wino ukilowa unaondoka, penseli inabaki. Darubini ninazo mbili, na shule moja imeahidi ya tatu. Kila ukurasa utapigwa picha siku hiyo hiyo na kutumwa kwa watu watatu wanaokaa nyumba tofauti. Daftari lenyewe litakaa ofisi ya BMU, kwenye sanduku la bati, na ufunguo utakuwa na katibu. Mtu yeyote wa mwalo anayetaka kulisoma alisome.

Na nani atalishika nikihama? Hilo hamkuuliza, lakini nalijibu. Kila anayehesabu atakuwa na mwenzake mdogo kwa umri, wa kutembea naye. Kidato cha pili, si cha nne. Wa cha nne wanaondoka kabla hawajajua njia.

Tunaanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwalo wa Luchelele, upande wa pale dagaa wanapoanikwa. Mwenye viatu vya kuingia majini avae. Mvua ikinyesha tunahesabu vile vile na tunaandika kwamba ilinyesha. Majina yaandikwe kwa katibu pale mlangoni, pamoja na namba ya simu ya mzazi kwa wale walio shuleni.